Hela ya Porini: Noti za Vita na Deni Lililobaki Bondeni

Neno hela tunalitamka kila siku: sokoni, ndani ya bajaji, kwenye meseji za kuombana nauli. Asili yake ni Kijerumani. Mwaka 1904 serikali ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani iliacha kuigawa rupia moja katika pesa 64, ikaigawa katika heller 100. Midomo yetu ikaifanyia kazi ile heller mpaka ikawa hela. Wajerumani waliondoka, rupia ikafa, sarafu zenyewe zikapotelea kwenye vibuyu na mashimo ya panya, lakini neno limebaki, na linatumika hata na mtoto wa darasa la kwanza anayeomba ya andazi.

Lugha yetu ina majina mengi ya kitu hiki kimoja, na kila jina lina kumbukumbu yake. Pesa na rupia zilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Fedha ni neno la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini yale meupe yanayong'aa. Yaani kwa babu zetu, pesa ya kweli ilikuwa na uzito. Ukiidondosha inalia. Ukiizika leo chini ya kitanda, mwakani unaikuta pale pale. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo, mwaka 1915, amebeba mchele wake kwenda kuuza, halafu anapewa karatasi.

Karatasi hizo zipo mpaka leo. Nyingi ziko Ulaya na Marekani, ndani ya albamu za watu wanaokusanya noti za zamani, na zinauzwa kwa mnada kama stempu. Wakusanyaji wanazipenda sana noti za vita, za China, za Urusi, za Ujerumani, na hizi za kwetu. Hoja yangu katika makala hii ni moja: noti ya vita ni hati ya deni kabla haijawa kitu cha kukusanya. Ukiisoma kama hati ya deni, hasa ukiwa umekaa huku bonde la Kilombero, inakuambia mambo ambayo bei ya mnada haiwezi kukuambia.

Simba kutoka Leipzig

Benki ya koloni iliitwa Deutsch-Ostafrikanische Bank. Ilianzishwa Berlin mwaka 1905, na noti zake za kwanza zina tarehe ya 15 Juni 1905: rupia 5, 10, 50 na 100. Zilichapwa Leipzig, kwenye kiwanda cha Giesecke & Devrient, na ni noti nzuri kweli. Ya rupia 5 ina simba wawili. Ya rupia 10 ina bandari ya Dar es Salaam. Kwenye zile kubwa yuko Kaisari Wilhelm II mwenyewe, na sare zake.

Iangalie tena hiyo tarehe. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Julai 1905, Vita vya Maji Maji vililipuka kule Umatumbi. Tarehe 30 Agosti wapiganaji walikuwa wameshafika Mahenge, wanaivamia boma ya Wajerumani. Mojawapo ya mambo yaliyowachosha watu ilikuwa kodi, na mwaka ule kodi ya mwanaume mtu mzima ilikuwa rupia 3, taslimu.

Hebu pigeni hesabu. Noti ndogo kuliko zote ilikuwa ya rupia 5. Kodi ya mwaka mzima, ile iliyowafanya watu wakimbilie porini au waende kuvunjika mgongo mashambani kwa wazungu, ilikuwa rupia 3. Maana yake noti haikuwahi kutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Ilikuwa ya mfanyabiashara, ya bwana shamba, ya ofisa. Mkulima alijua rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari, na chini yake heller. Karatasi ilikuwa mambo ya wakubwa.

Hali hiyo ilidumu miaka kumi. Iliyoibadilisha ni vita.

Karatasi inashuka kwa mtu mdogo

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, meli za kivita za Waingereza zilitawala bahari. Tarehe 1 Machi 1915 pwani ya koloni ikatangazwa rasmi kuwa imefungwa. Hakuna sarafu mpya kutoka Berlin, hakuna noti mpya kutoka Leipzig. Wakati huo huo jeshi lilihitaji pesa kuliko wakati wowote: askari walipwe, chakula kinunuliwe, wapagazi wapewe chochote. Na wenye rupia za fedha walifanya kile ambacho binadamu yeyote mwenye akili angefanya. Walizificha.

Ndipo benki ikaanza kuchapa noti zake hapa hapa nchini. Ya kwanza ina tarehe 15 Machi 1915, wiki mbili tu baada ya pwani kufungwa. Ni ya rupia 20. Juu yake kuna neno la Kijerumani linalomaanisha kwamba hii ni noti ya muda tu, ya kushikilia mpaka mambo yatulie. Zikafuata nyingine, za rupia 5, 10, 50 na 200. Halafu, kuanzia Septemba 1915, ikaja ile muhimu kuliko zote kwa hadithi yetu: noti ya rupia 1.

Hapa ndipo karatasi iliposhuka kwa mtu mdogo. Rupia moja ilikuwa pesa ya soko, pesa ya kodi, pesa ya mshahara wa mtu wa chini. Kwa mara ya kwanza mkulima na mpagazi walitakiwa kuamini karatasi, na walitakiwa kuiamini wakati ule ule ambapo aliyeitoa alikuwa anapigwa.

Noti hizi hazina simba. Zina maandishi, namba, herufi ya toleo, na saini. Nyingi zilisainiwa kwa mkono, mojamoja, na maofisa waliokaa mezani siku nzima wakiandika majina yao. Karatasi ilitoka popote ilipopatikana: nyeupe, ya kijivu, nzito, nyepesi, ya kahawia kama ile ya kufungia bidhaa dukani. Mahali pa kutolewa pameandikwa Daressalam, na kwenye matoleo ya baadaye Daressalam pamoja na Tabora, kwa sababu serikali ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma kuelekea bara.

Sisi wapenda fasihi tumezoea kuuliza: nani anazungumza hapa, na anamwambia nani? Tuiulize noti swali hilo hilo. Anayezungumza ni benki. Anaahidi kumlipa yeyote atakayeileta karatasi hii, bila kumuuliza yeye ni nani, kwenye madirisha yake yaliyomo ndani ya koloni. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Kwenye madirisha yake yaliyomo ndani ya koloni. Ahadi imefungwa kwenye mahali. Mahali pakipotea, ahadi inabaki inaelea. Na mwambiwa ni nani? Lugha ya noti ni Kijerumani cha kisheria. Mtu wa Ifakara aliyepewa noti ile ili atoe gunia lake la mpunga hakuwa msomaji aliyekusudiwa na mwandishi, ila ndiye aliyelipa gharama ya kuandikwa kwake.

Tembo wa Tabora

Pembeni ya karatasi kulikuwa na kitu kingine, ambacho wakusanyaji wanakijua vizuri. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli mjini Tabora, Wajerumani walitengeneza sarafu. Za hela 5 na hela 20 zilitoka kwenye vyuma chakavu vya shaba. Na za rupia 15 zilikuwa za dhahabu, iliyochimbwa Sekenke, kule Iramba. Upande mmoja zina tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000 tu.

Leo sarafu moja ya tembo inauzwa kwa maelfu ya dola. Noti ya rupia 1 ya vita ile ile, nchi ile ile, serikali ile ile, mara nyingi unaipata kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili katika mji wa Ulaya. Wakusanyaji watakueleza sababu: dhahabu ni chache, karatasi ni nyingi. Ni kweli, ila ipo sababu ya pili. Dhahabu inabeba thamani yake tumboni mwake. Haimhitaji Kaisari. Hata akifa, akikimbia au akikukana, dhahabu ni dhahabu. Karatasi ina neno la mtu tu. Kwa hiyo vita ilipoisha, aliyekuwa na tembo mfukoni alikuwa na mali, na aliyekuwa na noti alikuwa na maneno ya mtu aliyeondoka.

Bondeni kwetu

Mwaka 1916 mambo yaliwageuka Wajerumani haraka. Morogoro ilianguka 26 Agosti. Dar es Salaam 4 Septemba. Tabora, mji wa karakana na tembo, ilichukuliwa na Wabelgiji 19 Septemba. Mwezi huo huo wa Septemba vikosi vya Jenerali van Deventer vilishuka kutoka Kilosa hadi Kidodi na kuufikia Mto Ruaha. Anayeifahamu barabara ya Mikumi kwenda Ifakara anajua maana yake: vita ilikuwa imefika mlangoni kwetu Kidatu.

Ng'ambo ya mto, Wajerumani walishikilia bonde na nyanda za juu za Mahenge kwa mwaka mmoja zaidi. Hawakuchagua huku kwa bahati mbaya. Huku kulikuwa na chakula. Bonde hili lilikuwa linalima mpunga kabla hakijaota hata bua moja la miwa ya kiwanda. Jeshi lisilo na bandari, reli wala mji linakula kutoka kwenye ghala la mkulima, na kama linalipa, linalipa kwa karatasi yake.

Katika kipindi hiki, mwaka 1917, zikatolewa noti za mwisho kabisa. Wajerumani wenyewe waliziita noti za porini, na wakusanyaji wanazitambua kwa jina hilo hadi leo. Zilipigwa kwa vichapa vya mpira, herufi kwa herufi, vya aina ile wanayochezea watoto. Mistari imepinda. Mhuri wa tai kwenye baadhi umegongwa kichwa chini miguu juu. Ukiweka noti ya porini kando ya ile ya simba kutoka Leipzig, umbali kati yao ni miaka kumi na miwili, na dola zima liliporomoka katikati.

Tarehe 9 Oktoba 1917 Wabelgiji, waliotokea upande wa Kilosa na kupita bonde letu na Ifakara, waliingia Mahenge. Mwishoni mwa Novemba Kapteni Tafel, aliyekuwa kamanda wa Wajerumani huko, alisalimu amri, na von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji na waliobaki. Bonde liliachwa likiwa limeliwa na majeshi yote. Ikumbukwe kwamba ni miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu njaa ya Maji Maji. Kuna watu waliozikwa na vita zote mbili, na kuna waliozikwa katikati ya hizo mbili kwa kukosa mbegu.

Na kulikuwa na wapagazi. Vita hii ilibebwa kichwani. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, barabara hazikuwepo, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilisafiri juu ya shingo ya mtu. Kwa upande wa Waingereza pekee, hesabu zao wenyewe zinataja vifo vya wapagazi visivyopungua 95,000. Kwa upande wa Wajerumani hesabu kamili haikuwekwa. Jina la Kariakoo, soko tunalokwenda kununua nguo za sikukuu, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Hapa napo neno limebaki, wenyewe hawapo.

Mfagio kama risiti

Baada ya vita Waingereza walichukua nchi. Kuanzia 1922 shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ndiyo ikawa pesa yetu. Yale madirisha ya benki yaliyotajwa kwenye noti hayakuwepo tena, kwa sababu koloni lenyewe halikuwepo tena. Noti ikawa karatasi.

Lakini deni moja la vita ile lilikumbukwa, na hadithi yake inafaa kuwekwa hapa. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari waliobaki hai malimbikizo ya mishahara yao. Ofisa wa benki akaja Mwanza na pesa. Wazee kama 350 wakajitokeza. Wachache sana walikuwa na cheti. Inasimuliwa kwamba yule ofisa alichukua ufagio, akawa anampa kila mzee aushike kama bunduki, akawapa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyeshindwa. Baada ya miaka karibu hamsini mwili ulikuwa bado unakumbuka.

Ni hadithi nzuri na watu hupenda kuisimulia wakicheka. Mimi huwa inanipa mawazo mengine. Askari alikuwa na risiti mwilini mwake. Mpagazi angeonyesha nini? Angeinama na kuweka mzigo kichwani? Kila mtu nchi hii anajua kubeba mzigo kichwani. Na mwanamke wa bondeni aliyetoa mpunga na kupewa karatasi, angeonyesha gwaride gani? Risiti yake pekee ilikuwa ile karatasi, na pengine alishaiwashia moto jikoni.

Wala haikuwa mara ya mwisho. Vita Kuu ya Pili ilipoleta uhaba wa sarafu, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilitoa noti ya shilingi 1, yenye tarehe 1 Januari 1943 na sura ya Mfalme George VI. Vita ikija, karatasi inashuka tena mpaka kwenye kiganja cha mwenye shilingi moja.

Wanachokijua wakusanyaji

Siwadharau wakusanyaji. Bila wao tusingejua nusu ya haya. Wao ndio waliokaa na kioo cha kukuzia wakapanga matoleo kwa tarehe, kwa herufi, kwa aina ya karatasi, kwa saini. Wanajua saini ipi ni ya kalamu na ipi ni ya mhuri. Wanajua tai aliyegeuzwa kichwa chini ana thamani kuliko aliyesimama sawa. Huo ni usomaji, tena wa makini.

Ila ni usomaji unaoangalia upande mmoja. Mkusanyaji anapenda noti safi, isiyokunjwa, ambayo kwa lugha yao haijawahi kutumika. Noti iliyokunjwa mara nane, yenye mafuta ya kidole na harufu ya moshi, ni ya daraja la chini. Kwa msomaji wa historia ni kinyume chake. Noti safi haikufika popote. Ilitoka kwenye kabati la ofisa ikaingia kwenye kabati la mnada. Ile iliyochakaa ndiyo iliyotembea. Ilikunjwa ikafungwa kwenye pindo la kanga, ikafichwa kwenye makuti, ikatolewa kwa wasiwasi mbele ya mwenye duka aliyeitazama mara mbili. Mikunjo yake ni sahihi ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye noti.

Somo kutoka Hong Kong

Uwanja mkubwa kabisa wa wakusanyaji wa noti za vita ni China, na sisi watu wa Kidatu China tuna sababu ya kuifikiria. Hapa ndipo reli ya zamani kutoka Kilosa inapokutana na TAZARA, reli iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, kwa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Sehemu ya gharama za humu nchini, mishahara ikiwemo, ilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani kwetu. Kwa hiyo yuan yenyewe haikupita mikononi mwa watu. Tuliijua kama mataruma, madaraja na bidhaa za dukani.

Lakini China iliyotukopesha ilikuwa imetoka kwenye jehanamu ya karatasi. Kuanzia uvamizi wa Japani mwaka 1937 kila aliyeshika bunduki alichapa noti: serikali ya taifa, benki za vibaraka wa Wajapani huko Beijing na Nanjing, majimbo, na maeneo yaliyoshikwa na Wakomunisti. Kabla ya vita, yuan tatu na kitu zilitosha kununua dola moja. Agosti 1948 serikali ilibadilisha pesa, na yuan milioni 3 za zamani zikawa yuan 1 mpya ya dhahabu, na hiyo nayo ikaporomoka ndani ya miezi. Mwaka 1949 benki ya jimbo la Xinjiang ilitoa noti moja yenye thamani ya yuan bilioni 6. Wakusanyaji wanaitafuta sana. Mkulima wa huko aliitumia kununulia nini, hilo huulizwi mnadani.

Hong Kong, hata hivyo, jambo lingine lilitokea. Wajapani walipoiteka Desemba 1941 walileta yen ya kijeshi, noti isiyo na akiba yoyote nyuma yake. Watu walilazimishwa kubadilisha dola zao za Hong Kong, mwanzoni dola 2 kwa yen 1, kisha dola 4 kwa yen 1. Juni 1943 kushika dola kukawa kosa. Agosti 1945 Japani ikashindwa, na wiki chache baadaye serikali yake ikatangaza kwamba yen zote za kijeshi hazina thamani. Familia zikabaki na mabunda.

Wapo waliozitupa. Lakini wengine walizitunza makusudi, kama mtu anavyotunza hati ya mkopo. Mwaka 1968 wakaunda chama cha kudai fidia. Mwaka 1993 wakafungua kesi Tokyo. Tarehe 17 Juni 1999 mahakama ikakubali kwamba waliteseka, na ikakataa madai yao. Walishindwa kesi, lakini dunia ilijifunza kwao kwamba noti ile ile inaweza kukaa kwenye albamu ya mtu mmoja kama pambo, na kwenye sanduku la mwingine kama ushahidi. Karatasi ni moja. Tofauti ni swali ambalo mwenye nayo anaiuliza.

Tunachoweza kufanya

Sisi hatukupata chama cha namna hiyo. Njaa, mafua makubwa ya 1918 na utawala mpya vilikuja mfululizo, na mtu anayetafuta mbegu hana muda wa kutafuta wakili. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, sidhani kama yupo anayetarajia benki iliyokufa ifungue dirisha. Deni la fedha limekufa. Lililobaki ni deni la kusimulia, na hilo linalipika.

Linalipwa kwa vitu vidogo. Makumbusho yoyote inayoonyesha noti ya porini iandike chini yake, pamoja na tarehe na aina ya karatasi, kwamba noti hii ilinunua chakula na nguvu za watu wa nchi hii, na kwamba aliyeahidi kulipa aliondoka. Mwalimu wa historia anayefundisha Vita Kuu kwa majina ya majenerali aingie darasani na picha ya noti ya rupia 1, awaulize wanafunzi: nani aliipokea, na alitoa nini? Na sisi waandishi, tunaopenda kulalamika kwamba nyaraka zetu zote ziko Berlin na London, tukumbuke kwamba wazee wa Ifakara, Mahenge na Malinyi wamerithi simulizi za vita za babu zao, na simulizi hizo haziko kwenye mnada wowote. Hazingoji pia. Kila msiba tunaokwenda kuhani unaondoka na kurasa kadhaa.

Kama nyumbani kwenu kuna kisanduku cha bibi chenye makaratasi ya ajabu ajabu, msiharakishe kukichoma wakati wa kugawa mirathi. Fungueni. Mkikuta karatasi ya kahawia yenye tai na herufi za Kijerumani, msianze na kuuliza inauzwa shilingi ngapi. Muulizeni mkubwa wa ukoo, akiwa bado yupo wa kuulizwa, ilifikaje hapo, na siku ile ilipofika ni nini kilichotoka ndani ya nyumba.